Raketi ya Mtoto: Pima Mkono, Usipime Bei

Barua za mwezi huu nyingi zinauliza jambo moja: nimnunulie mwanangu raketi gani? Likizo inakaribia, wazazi wanapita madukani, na wauzaji wanasema yao. Nimefurahi sana kuona mpira wa vinyoya, yaani badminton, umeingia majumbani kiasi hiki. Nimechagua barua chache zinazogusa wengi, na kwa ile ya kwanza nitakaa zaidi, maana ukiielewa hiyo, nyingine zote zinakuwa nyepesi.

Kocha, habari za kazi. Binti yangu ana miaka tisa, yuko darasa la nne. Alianza badminton shuleni muhula uliopita na sasa kila jioni anacheza na kaka yake uani. Muuza duka Kariakoo ananishauri nichukue raketi ya watu wazima, ya grafaiti, gramu 88, "atakua nayo". Anataka shilingi 180,000. Nina 120,000 ila naweza kujikamua. Nifanye nini?
*Mama wa binti, Tabata*

Mama, usijikamue. Hiyo uliyo nayo inatosha, na nataka ibaki chenji ya vinyoya, vile vinavyopigwa kwa raketi.

Najua hilo neno "atakua nayo" linavyoingia moyoni mwa mzazi. Ndivyo tunavyonunua sare: sweta linakuja na mikono imekunjwa mara mbili, mwakani inakunjwa mara moja, mwaka wa tatu linamkaa sawasawa. Lakini sweta kubwa halimfundishi mtoto kutembea vibaya. Raketi kubwa inamfundisha kupiga vibaya, na siku mkono wake utakapofikia ukubwa wa ile raketi, ule upigaji mbaya utakuwa umeshakomaa. Kazi yangu ya Jumamosi asubuhi, nusu yake ni kuwaondolea watoto tabia walizofundishwa na raketi nzito. Wanaikamata kwa ngumi nzima. Kiwiko kinashuka kiunoni. Wanasukuma kwa bega, na kinyoya kinafika kwenye raketi kikiwa tayari kimewapita kichwani. Mtoto hana kosa hapo, anatafuta tu njia ya kubeba mzigo.

Tuanze na urefu. Kanuni za mchezo zinataka raketi isizidi milimita 680, na zile za watu wazima nyingi zina sentimita 67.5. Za watoto zipo za sentimita 53, 58 na 63 au 64. Mtoto wa miaka mitano au sita anaanzia kwenye 53. Binti yako wa miaka tisa, kama ana kimo cha kawaida cha umri wake, ni wa 63 au 64. Akikaribia kimo cha sentimita 140, mpe ya urefu kamili bila wasiwasi. Ukizunguka Kariakoo na usiipate ya 63, usirudi na ile ya gramu 88. Tafuta ya urefu kamili iliyo nyepesi kabisa, umfundishe kuishika juu kidogo ya mpini, karibu na shafti, ile fimbo nyembamba kati ya mpini na kichwa. Akirefuka, mkono utakuwa unashuka wenyewe.

Uzito husomwa kwenye kile kikombe kidogo pale shafti inapoingilia kwenye mpini. Utaona tarakimu na herufi U. Kadiri tarakimu inavyopanda ndivyo raketi inavyokuwa nyepesi: 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, 5U ni 75 hadi 79, na zenye herufi F huwa chini ya hapo, kama gramu 70 hadi 74. Hizo zote ni kabla ya nyuzi. Ile ya duka lako, kwa hesabu hii, ni 3U, raketi ya mtu mzima mwenye mkono uliozoea. Kwa binti, 5U au F. Gramu kumi zinaonekana ndogo kwenye mizani ya jikoni, lakini mtoto atazipandisha juu ya kichwa mara mia mbili katika saa moja ya mazoezi.

Pembeni ya hiyo U kuna G na tarakimu nyingine. Huo ni unene wa mpini. Kwenye raketi za Yonex, tarakimu kubwa maana yake mpini mwembamba, kwa hiyo G5 ni mwembamba kuliko G4. Wengi hawaangalii hapa, na mimi ndipo ninapoanzia. Katika badminton nguvu nyingi hutoka kwenye vidole: mtoto anashika kwa ulegevu, halafu anakaza vidole ghafla wakati wa kupiga. Mpini ukimjaa kiganja, vidole havina pa kukazia. Mwache aishike, kisha tazama nafasi kati ya ncha za vidole vyake na nyama ya chini ya dole gumba. Kidole chako cha shahada kipite hapo. Kisipopita, mpini ni mnene. Mpini mwembamba utaunenepesha kwa gripu, ule utepe unaozungushwa kwenye mpini, ya bei ndogo, lakini mnene hutaupunguza.

Jambo la nne ni ile shafti. Inapopigwa kwa kasi hupinda nyuma kidogo, halafu inarudi kwa nguvu na kukirusha kinyoya. Mchezaji mwenye mkono wa kasi anaweza kuipinda hata shafti ngumu. Mkono wa mtoto bado ni wa polepole, akipewa shafti ngumu haipindi, na isipopinda hairudishi kitu. Atapiga kwa nguvu zake zote, kinyoya kianguke nusu uwanja, naye aamini kwamba hajui kucheza. Hilo linaniuma kuliko yote. Kwenye raketi huwa imeandikwa: ukiona Flexible au Hi-Flex, chukua. Medium inavumilika kwa aliyezoea. Stiff na Extra Stiff muachie muuzaji.

Sasa pale dukani mwenye kauli ni binti mwenyewe, kwa hiyo nenda naye. Mpe raketi, anyooshe mkono mbele usawa wa bega, halafu achore tarakimu nane hewani kwa kifundo cha mkono tu. Wewe usitazame raketi, mtazame bega. Likianza kupanda kuelekea sikioni, au kiwiko kikikunja ili kusaidia, hiyo ni nzito kwake, hata muuzaji aape vipi. Akichora nane zake kumi huku anazungumza na wewe, hiyo ndiyo. Rudia kwa mkono uleule na raketi tatu tofauti, mpe mapumziko katikati. Muuza duka mzuri atakuvumilia.

Zile za chuma zinazouzwa mbili mbili kwenye mfuko wa neti pamoja na kinyoya cha plastiki, mwachie kaka yake wa uani. Ni nzito na shafti yake haina uhai. Kwa bajeti yako tafuta ya aluminiamu ya saizi ya watoto, au ya grafaiti ya ngazi ya kuanzia. Nyuzi zikazwe kwa pauni 17 hadi 20, si zaidi, kwani nyuzi zilizolegea kiasi humsaidia kurusha na humsamehe anapopiga nje ya katikati. Kinachobaki nunua boksi la vinyoya vya nailoni. Kwenye hili silegezi msimamo: mtoto mwenye raketi ya kawaida na vinyoya vizima anaendelea haraka kuliko mwenye raketi ya bei mbaya anayepiga kinyoya kilichovunjika sketi, ile sehemu yake pana iliyo kama faneli.

Kijana wangu ana miaka 14, anacheza mwaka wa pili sasa. Anataka Yonex Astrox 100 ZZ kwa sababu ndiyo ya Viktor Axelsen. Anasema bila hiyo smashi, ule mpigo mkali wa kuelekea chini, haitoki. Mjomba wake yuko Dubai, anaweza kuileta. Nimwambie aje nayo?
*Baba, Mwanza*

Ndugu yangu, kijana ana macho mazuri. Axelsen ni bingwa wa Olimpiki wa Tokyo na akarudia Paris mwaka 2024, na hiyo Dubai aliko shemeji yako ndiko alikohamia kufanya mazoezi mwaka 2021. Kumpenda mchezaji wa namna hiyo ni jambo jema kwa kijana. Mwache abandike picha yake ukutani.

Lakini raketi yenyewe, hapana, si mwaka huu. Astrox 100 ZZ imewekewa uzito kichwani na shafti yake ni ngumu sana, ile ya Extra Stiff niliyomwambia mama wa Tabata aiache. Axelsen ana kimo cha sentimita 194, na mkono wake umefanya kazi hiyo tangu utotoni. Kichwa kizito humpa yeye uzito wa smashi kwa sababu anawahi kukifikisha mahali pake. Kijana wako atakifikisha akiwa amechelewa, na atajaribu kufidia kuchelewa huko kwa bega. Bega la miaka 14 bado linajengeka. Nimeona vijana wakikaa nje miezi kwa maumivu yaliyoanza hivyohivyo.

Na hilo la kusema smashi haitoki bila kichwa kizito, mwambie hivi. Aprili 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alipimwa akipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa, huko Japani. Raketi aliyoshika ilikuwa Nanoflare 1000 Z, na jamii ya Nanoflare ni ya vichwa vyepesi. Kasi ya smashi ni kasi ya mkono na mahali kinyoya kinapogusa nyuzi.

Hapo kwenye mahali ndipo ningependa mkae naye, wewe na yeye. Majuzi kijana wa rika lake aliniletea raketi nimfungie nyuzi mpya. Alitaka pauni 28, kwa kuwa amesikia mabingwa wanafunga hivyo na zaidi. Kabla ya kukata zile za zamani niliiweka chini ya taa ya mashine. Katikati ya kichwa nyuzi zilikuwa safi, rangi yake bado inang'aa. Chini, upande wa kulia, vidole vinne kutoka kwenye fremu, zilikuwa zimechubuka zimetoa vinyweleo, na zimesogea hadi matundu yake yakawa ya mstatili. Kijana anapiga kila siku, lakini hapigi katikati. Nikamwonyesha kwa kidole, akakaa kimya muda mrefu. Kadiri nyuzi zinavyokazwa ndivyo ile sehemu nzuri ya katikati inavyopungua, kwa hiyo pauni 28 zingemfanya akose zaidi. Nilimfungia 22, nikampa zoezi la kupiga kinyoya ukutani jioni, polepole, hadi asikie ule mlio mmoja mkavu kila mara.

Mfanyie wa kwako vivyo hivyo. Chukua raketi yake, itazame mwangani, mwambie akuonyeshe nyuzi zilipochakaa. Zikiwa zimechakaa katikati, na awe anaweza kukitoa kinyoya mstari wa nyuma hadi mstari wa nyuma bila kujikunja mwili, mnunulie 4U, uzito wa wastani kati ya kichwa na mpini, shafti ya Medium, nyuzi pauni 22 au 23. Uwiano mnaweza kuupima wenyewe: ilaze raketi juu ya kidole mpaka itulie, kisha pima kutoka kitako cha mpini hadi kidole. Kwa raketi isiyo na nyuzi wala gripu ya ziada, karibu na milimita 285 hadi 290 ni katikati. Ikipita 295, kichwa ni kizito. Zikiwa zimechakaa pembeni, raketi aliyonayo inamtosha, aongeze mazoezi.

Shemeji wa Dubai akitaka kuleta zawadi, alete viatu vya ukumbini vyenye soli ya mpira isiyoteleza, na mmtumie namba ya mguu wa kijana mapema. Na mkiamua hata siku za mbele kununua raketi ya jina kubwa, nunueni kwa muuzaji anayejulikana. Za bandia ni nyingi sana, zimepakwa rangi vizuri, na huwezi kuijua kwa picha ya simu. Iweke kwenye mizani ikiwa haina nyuzi: ikiandikwa 4U halafu ikasoma gramu 95, hiyo si yenyewe.

Mwanangu ni mashoto. Kuna raketi za mashoto?
*Mzazi, Tanga*

Hakuna, na hazihitajiki. Raketi ya badminton iko sawa pande zote. Angalia gripu tu: za dukani zimezungushwa kwa ajili ya mkono wa kulia, na kwenye mkono wa kushoto hulegea na kufunguka. Ifungue, uizungushe upya kuelekea upande wa pili. Na asibadilishwe mkono, tafadhali. Wapinzani wake watapata tabu naye.

Salamu kutoka Nyali. Binti yangu wa miaka 11 anacheza vizuri hapa Mombasa. Mwezi uliopita walienda mashindano Nairobi, mipira yake ikawa inatoka nje yote. Alirudi analia, anasema raketi imeharibika, nyuzi zimelegea. Nimpelekee kwa fundi?
*Mama, Mombasa*

Pole kwake, na umwambie raketi yake haina kosa lolote, wala yeye.

Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huko ni nyepesi, na kinyoya hupunguzwa mwendo na hewa. Mpigo uleule ambao Mombasa unadondoka ndani ya mstari, Nairobi unaendelea na safari. Watoto wa Nairobi wakiteremka pwani hupata shida ya pili: wanapiga, kinyoya kinafia njiani.

Dawa iko kwenye kinyoya. Vya nailoni vina utepe wa rangi pale kizibo, kile kichwa chake cha mviringo, kinapokutana na sketi: kijani ni cha polepole, buluu cha wastani, nyekundu cha kasi. Mahali pa joto au pa mwinuko hutumia kijani. Vya manyoya huandikwa namba kwenye mkebe, na kwa Nairobi utataka za chini, kama 75 au 76. Nimeona pia makocha wa nyanda za juu wakikunja ncha za manyoya kwa ndani au nje kidogo ili kubadilisha kasi, lakini hiyo ni kazi ya mkono uliozoea, na kwenye mashindano si ya mchezaji kuamua.

Kuna kipimo ndani ya kanuni zenyewe ambacho binti anaweza kukifanya kabla ya mechi. Asimame kwenye mstari wa nyuma, apige kwa chini mpigo kamili, kinyoya kipande juu sambamba na mstari wa pembeni. Kinyoya chenye kasi sahihi kinatakiwa kianguke kati ya milimita 530 na 990 kabla ya mstari wa nyuma wa upande wa pili. Kipimo hicho kimewekwa kwa mchezaji aliyekomaa, hivyo kwa nguvu zake za miaka 11 hakitafika huko. Ila akikifanya Mombasa mara kadhaa akajua chake kinaangukia wapi, akifika Nairobi akirudia atajua tofauti ni hatua ngapi. Wafike siku moja kabla, wapige saa nzima. Wasiguse nyuzi. Ukizikaza leo kwa ajili ya Nairobi, wiki ijayo Mombasa atalia tena.

Mimi ni mwalimu wa michezo shule ya msingi. Kamati ya shule imetupatia fedha kidogo za kuanzisha badminton kwa darasa la tatu hadi la saba. Hatuna ukumbi, tuna uwanja wa vumbi na miti pembeni. Nawaza ninunue raketi nne nzuri sana au nyingi za kawaida?
*Mwalimu, Iringa*

Mwalimu mwenzangu, nyingi za kawaida. Ukiwa na raketi nne, watoto wanne watacheza na arobaini watatazama, na baada ya wiki mbili wale arobaini watakuwa wamerudi kwenye mpira wa miguu.

Nunua zenye kichwa cha aluminiamu, zinavumilia kugongana na kudondoka. Grafaiti ikigongwa na grafaiti nyingine hupasuka ufa usioonekana, na siku ukifunga nyuzi inavunjika. Changanya urefu: theluthi moja za sentimita 58 na 63 kwa darasa la tatu na la nne, zilizobaki za urefu kamili kwa wakubwa. Zifunge utepe wa rangi kwenye shafti kufuatana na urefu, mtoto achukue rangi ya kimo chake. Usiziite za wadogo na za wakubwa. Mtoto wa darasa la sita mwenye umbo dogo atakataa kuichukua "ya wadogo" hata kama ndiyo inayomfaa.

Kwa upepo wa Iringa, chezeni asubuhi kabla haujaamka, upande wenye miti. Shirikisho la Dunia la Badminton lilizindua mwaka 2019 namna ya kuchezea nje, AirBadminton, yenye kinyoya chake kinachostahimili upepo kiasi. Ukikipata, vizuri. Usipokipata, vinyoya vya nailoni vya kawaida vitafaa kwa kuanzia. Shirikisho hilohilo lina mpango wa shule uitwao Shuttle Time, wa tangu 2012, wenye masomo yaliyopangwa kwa walimu ambao hawajawahi kushika raketi, na hutolewa bure. Uombe.

Uwanja kamili ni mita 13.40 kwa 6.10, wavu mita 1.55 kwenye nguzo na 1.524 katikati. Kwa darasa la tatu punguza kila kitu, hata kamba ya kuanikia nguo inatosha kuwa wavu. Na kabla ya kuwapa raketi, wape kinyoya na kiganja. Mtoto anayeweza kukipiga kwa kiganja mara ishirini bila kudondoka, ukimpa raketi fupi anacheza siku hiyohiyo.

Shikamoo Kocha. Nina miaka 12, nacheza Zanzibar. Raketi yangu ni ya dada, 5U G5, nyuzi moja imekatika na nyingine zimelegea sana. Nimeweka akiba ya sikukuu. Ninunue raketi mpya au nifunge nyuzi? Rafiki zangu wanasema ya zamani haina nguvu.
*Msomaji wenu, Mjini Magharibi*

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba umesoma mwenyewe kile kikombe na ukaniandikia 5U G5. Watu wazima wengi hawajui hata kwamba kuna maandishi pale.

Kabla ya yote, leo hii, chukua mkasi ukate nyuzi zote zilizobaki. Anzia katikati, kata kwa zamu wima na mlalo, ukitoka nje taratibu. Nyuzi moja ikikatika, nyingine zinaivuta fremu upande mmoja, na ukiiacha hivyo wiki nzima inaweza kupinda moja kwa moja. Halafu iangalie fremu chini ya jua. Pitisha ukucha pande zote, hasa juu kichwani ambako hugongwa na sakafu. Ukucha ukikwama kwenye mstari mwembamba unaozunguka fremu, huo ni ufa, na hapo kweli utahitaji nyingine. Ukikuta rangi imebanduka tu, hiyo haina shida. Tazama pia vile vipande vidogo vya plastiki nyuzi zinamopita. Vikiwa vimepasuka, fundi avibadilishe, ni vya bei ndogo.

Fremu ikiwa nzima, funga nyuzi. Hiyo raketi ni ya mkono wako kabisa. Marafiki zako wamesema haina nguvu kwa sababu nyuzi zimekufa, na nyuzi za nailoni hulegea zenyewe hata ukiwa huchezi, huko kwetu pwani zaidi, kwa joto. Mwombe fundi nyuzi za milimita 0.70, hizo hudumu kuliko zile nyembamba, kwa pauni 20 au 21. Usimruhusu akupandishie kwa kuwa "mabinti wa timu wanafunga 25". Tarehe aliyofunga iandike kwa kalamu kwenye kipande cha utepe, ukibandike kwenye mpini. Usiiache raketi ndani ya gari juani wala juu ya bati.

Badilisha na gripu pia. Ya dada itakuwa imekuwa ngumu na inateleza ukitoka jasho, ndipo unapokaza ngumi bila kujua. Toa ile ya zamani kabisa, usifunge mpya juu yake, maana G5 yako itanenepa. Anzia chini kwenye kitako, panda juu, kila mzunguko ukanyage ule wa chini kidogo tu.

Akiba itakayobaki gawa mara mbili: nusu boksi la vinyoya vya nailoni vya utepe wa kijani, nusu iweke. Ukifikisha sentimita 155 na ukawa unakitoa kinyoya nyuma hadi nyuma kwa mkono wa kawaida na kwa bekihendi, yaani kwa upande wa nyuma ya mkono, pia, niandikie tena, uniambie nyuzi zimechakaa upande gani. Hapo tutazungumza kuhusu 4U.